Yuda, hadi mstari wa 23

Wiki hii nimekaa kwenye Waraka wa Yuda. Una mistari 25 tu, ukisomwa kwa sauti ni kama dakika tano, na bado wahubiri wengi hawaumalizi. Wanaanzia mstari wa 4, wakifika wa 16 wanafunga Biblia. Moto wote walioutaka wameshaupata: Sodoma, malaika waliofungwa gizani, mawingu yasiyo na maji, nyota zipoteazo. Rehema, ambayo Yuda ameiweka kwenye salamu ya mstari wa 2 na kuirudia kuanzia mstari wa 21 mpaka 23, inabaki bila kusomwa.

Yuda mwenyewe hakupanga kuandika onyo. Mstari wa 3 unasema alikuwa na bidii ya kuandika habari za wokovu, ikamlazimu kubadili. Sababu, kwa mstari wa 4, ni watu waliojiingiza kwa siri. Hawakuwa nje wakipiga kelele: mstari wa 12 unawakuta kwenye karamu za upendo, wakila pamoja na waumini. Naye anawatambulisha kwa mwenendo wao kuliko kwa hoja zao. Wanageuza neema kuwa kibali cha ufisadi, wanakataa kutawaliwa, wananung'unika, wanawasifia wenye vyeo ili wapate faida, wanaleta matengano. Hakuna anayehukumiwa humo kwa kuuliza swali gumu. Mwenye shaka ana mstari wake, na si huu.

Ila upotovu anaoupinga Yuda ni ule wa kulegeza. Upo wa kukaza pia. Katika 1 Timotheo 4:3 Paulo anawataja wanaokataza watu kuoa na kuwaamuru wajiepushe na vyakula. Msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako kuanzia 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 katika mkasa uliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa, ni wa kundi hilo. Anayemsaka mwalimu wa uongo kwenye ulevi na uzinzi peke yake angepita pale bila kushtuka, maana kwa nje ulionekana utakatifu uliopitiliza.

Mstari wa 11 wa Yuda una majina matatu: Kaini, Balaamu, Kora. Kaini anajulikana. Balaamu alifuata ujira, na hilo halihitaji maelezo marefu mjini kwetu. Kora ndiye anayesomwa haraka mno.

Fungua Hesabu 16. Kora ni Mlawi wa ukoo wa Kohathi, watu waliobeba vyombo vitakatifu mabegani. Anamjia Musa na wakuu 250, na neno lake la kwanza ni zuri: kusanyiko lote ni takatifu. Kutoka 19:6 inasema karibu hivyohivyo. Uongo wake umepanda juu ya ukweli, ndiyo maana wakuu 250 walimfuata. Musa anamjibu kwa kugusa kisichosemwa: kuhudumu maskanini mmeona ni jambo dogo, sasa mnataka na ukuhani? Kisha ardhi ikafunguka, moto ukawala wale 250, na vyetezo vyao vya shaba, vyombo vya kufukizia uvumba, vikafuliwa mabamba ya kufunika madhabahu. Kesho yake watu wakamlaumu Musa, tauni ikaua 14,700, mpaka Haruni alipokimbia na chetezo akasimama kati ya waliokufa na walio hai.

Wengi huishia hapo. Hesabu 26:11 ina sentensi fupi kwamba wana wa Kora hawakufa. Sentensi hiyo ina uzao: 1 Nyakati 9:19 inawakuta Wakora wakilinda malango, na zaburi kumi na moja zina jina lao juu. Mojawapo ni Zaburi ya 84, inayosema heri kusimama mlangoni pa nyumba ya Mungu kuliko kukaa katika hema za uovu. Musa alikuwa amewaamuru watu waondoke penye hema za watu wale waovu. Kazi ambayo baba aliiona ndogo, watoto wanaiimba.

Mstari wa 9 wa Yuda nao una mzizi unaofaa kufuatwa. Mikaeli akishindana na Ibilisi hasemi zaidi ya "Bwana na akukemee". Maneno hayo yako Zekaria 3, ambapo Shetani anamshitaki Yoshua kuhani mkuu. Yoshua amevaa nguo chafu kweli, mashitaka si ya kubuni. Bwana anamwita kinga, yaani kijiti kinachowaka, kilichotolewa motoni, anaamuru avuliwe nguo zile, avikwe nyingine, na kilemba safi juu. Moto na vazi chafu vya Zekaria ndivyo vinavyorudi katika Yuda 23.

Kuhusu mistari ya 22 na 23, nakala za kale zinatofautiana: nyingine zina makundi mawili ya watu, nyingine matatu. Biblia ya Union imefuata matatu, na kwa kazi ya uchungaji nayaona yanafaa. Wenye shaka wahurumiwe: wape muda, waulize wanachotaka, usiwasimamishe mbele ya kusanyiko. Walio motoni wanyakuliwe. Mama aliyeambiwa amepona akaacha ARV, au anayetaka kuuza kiwanja akapande "mbegu", yaani atoe sadaka akitarajia baraka, hangoji semina ya miezi mitatu. Aende kliniki leo, na karatasi za mauzo zisitiwe saini. Wa tatu ni wale ambao dhambi yao inavuta na anayewafuata: nenda nao kwa hofu, nenda wawili, na uchukie vazi, si aliyelivaa. Wagalatia 6:1 inamwonya hata mrejeshaji asije akajaribiwa.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuyachanganya makundi haya. Kijana wa kundi la kwanza anapewa hukumu ya kundi la tatu, anaondoka, na anakopokewa kwa tabasamu ni kwa wale wale wa mstari wa 4.