Saa Ilinyamaza Mpaka Nilipofungua Mgongo

Jumanne ya wiki iliyopita, ndiyo kwanza nimekunjua turubai hapa barazani ninapotengeneza saa, karibu na Makoroboi, Mwanza, akaja mzee mmoja anayenunua mabondo kule soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mabondo, kwa wasio wa huku, ni vile vibofu vya hewa vya sangara vinavyokaushwa na kusafirishwa China. Ni biashara ya fedha nyingi, na ya kukopana sana.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Karibu ukae."

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na saa ya Rolex Submariner, au kitu chenye jina hilo. Alipewa na mtu aliyekopa kwake milioni tatu na nusu, akaambiwa ikiuzwa haitapungua milioni ishirini. Alitaka niithibitishe tu, maana mnunuzi alikuwa anakuja kesho yake kutoka Geita.

"Ipime uzito, mwanangu. Halafu tazama mshale wa sekunde unavyoteleza. Feki huwa unarukaruka."

Hayo mawili, uzito na kuteleza, nayasikia kila wiki, na ndiyo yanayowaliza watu. Zamani yalikuwa na maana kidogo. Saa ya betri mshale wake huruka mara moja kwa sekunde, na feki nyingi zilikuwa za betri. Leo feki zinawekewa mtambo wa kujijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono, na mshale unateleza vizuri tu. Hata Seiko 5 ya kawaida, ile ya mtambo wa 7S26, inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani 6 kila sekunde, na kwa macho inateleza. Rolex za sasa hupiga 28,800, ambazo ni 8 kwa sekunde. Tofauti ya 6 na 8 jicho lisilozoea haliioni, na tena zipo feki zinazopiga hizo 8. Uzito nao ni chuma tu. Chuma kila kiwanda kinacho.

Nikavaa lenzi ya jichoni, ile ya marehemu baba, yenye waya wa kuzungushia kichwani.

Nilianza na kijilenzi cha juu ya tarehe. Kwenye Rolex kinakuza mara 2.5, tarehe inajaa dirisha zima. Hii ilikuwa imekuzwa kidogo mno, nafasi nyeupe ikabaki pande zote. Nikageuza kioo upande, nikatafuta taji dogo linalochorwa ndani ya kioo chini ya tarakimu ya 6, ambalo lilianza kuwekwa miaka ya mwanzoni mwa 2000. Lilikuwepo, tena likionekana wazi kabisa bila lenzi. La kweli ni dogo kiasi kwamba unalihangaikia kwenye mwanga. Anayeiga huogopa lisionekane, basi analikuza.

Bado sikusema kitu. Baba alinifundisha kutotamka neno juu ya saa ya mtu kabla sijaona tumbo lake. Uso wa saa unaweza kununuliwa, maandishi yanaweza kuchapwa, namba inaweza kunakiliwa. Kuna feki maelfu zinazotembea na namba moja ileile.

Mgongo wa Submariner una meno madogo kuzunguka ukingo, na hufunguka kwa kuzungushwa na ufunguo wake. Huu nao ulikuwa na meno. Nikaukandamizia mpira wa kunata, nikazungusha. Haukwenda. Nikaufuata ukingo kwa ncha ya ukucha, polepole, mpaka nikahisi upenyo, mwembamba kama ufa wa ganda la yai. Kisu kikaingia. Mgongo ukabanduka kama kifuniko cha kopo. Meno yalikuwa pambo.

Ndani, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa pete ya plastiki nyeupe. Mtambo ulikuwa mdogo kuliko nyumba yake, basi wakaujazia plastiki usichezecheze. Rota, yaani ile nusu duara nzito inayozunguka mkono unapotembea, ilichapwa jina la Rolex kwa wino, na wino umeanza kubanduka. Nikamvisha mzee lenzi aangalie mwenyewe. Alitazama muda mrefu. Kisha akaivua, akanirudishia kwa mikono miwili.

Kazi yangu ina furaha nyingi, lakini dakika ile siipendi. Nilimwambia: baba, hii ni bandia, na ukimuuzia mtu kama halisi utakuwa umebeba kosa la yule aliyekupa, na sheria itakufuata wewe. Akaniuliza kama inaweza walau kuwa na thamani ya vipuri. Nikamwambia hapana. Akakaa kwenye kigoda, kimya, na mimi nikamwagizia chai.

Chai ilipofika ndipo akanisimulia kuhusu saa ya baba yake. Ipo nyumbani kwenye sanduku, akasema, ya kawaida tu, imekufa miaka mingi. Nikamwomba ailete.

Aliileta kesho yake. Seiko 5, siku zimeandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu, kifundo cha kutia majira kimejificha usawa wa tarakimu ya 4. Nyuma imeandikwa 7S26, na namba yake inaanza na 7N. Kwenye Seiko hizi tarakimu ya kwanza ni ya mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi: 1 mpaka 9, halafu O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Kwa hiyo ni Novemba ya mwaka unaoishia na 7. Mzee akasema baba yake aliinunua Mwanza mjini mwaka 1998, basi imetoka kiwandani Novemba 1997. Nikafungua mgongo, huu ukazunguka kama inavyotakiwa, na mtamboni imeandikwa 7S26 vilevile. Ukiona namba ya nyuma na ya mtambo hazifanani, saa hiyo imeunganishwa kutoka saa mbili au tatu. Hii ilikuwa yenyewe, kuanzia mgongo hadi rota.

Na haikuwa imekufa. Mafuta yalikuwa yamekauka yakawa gundi. Nimeifungua yote, nimeiosha, nimeitia mafuta kwa ncha ya sindano, tone dogo kuliko punje ya chumvi kwenye vito, yaani vile vijiwe vinavyoshika ncha za magurudumu. Wapo wanaotia mafuta ya cherehani. Yanatambaa, yanafika kwenye springi nyembamba ya gurudumu la mizani, mizunguko yake inagandana, na saa inaanza kukimbia ovyo. Naumia kila ninapoipokea saa ya namna hiyo, kwa sababu mwenyewe alilipia.

Nilimweleza mzee namna ya kuishi nayo, na naandika hapa kwa sababu swali ni la wengi.

Saa hii haina betri, chakula chake ni mkono wako. Ikishiba inakaa kama saa 40. Anayeivaa Jumapili kanisani akaivua saa moja jioni, Jumanne kwenye saa tano asubuhi itakuwa imesimama, kisha analeta kwa fundi akidhani imeharibika. Ivae kila siku. Ikisimama haijaumia. 7S26 haijazwi kwa kuzungusha kifundo, unaibembeza taratibu ubavu kwa ubavu hadi mshale wa sekunde uamke, halafu unaivaa. Vile visanduku vya umeme vya kuzungusha saa sioni haja yake kwa mwenye saa moja.

Tarehe ndiyo inayovunja meno ya mitambo. Usiibadilishe kwa haraka kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, maana magurudumu ya tarehe yameshaumana wakati huo. Saa iliyosimama huwezi kujua kama inaamini ni mchana au usiku, kwa hiyo peleka kwanza mishale chini kwenye 6, weka tarehe ya jana, kisha zungusha mbele mpaka tarehe igeuke yenyewe. Baba alikuwa na mteja mmoja, mzee wa pwani, aliyetega saa yake Kiswahili kabisa: saa moja asubuhi mshale mfupi uko kwenye 1. Tarehe yake iligeuka saa kumi na mbili jioni, jua likizama, na kwa hesabu ya wazee wa kwao siku mpya ilikuwa imeingia kweli. Yeye saa zake za hatari zilikuwa tisa alasiri mpaka nne usiku. Baba alimwandikia kwenye karatasi, na mzee yule aliitunza ndani ya kofia.

Maji. Kuandikwa kwamba saa inavumilia maji si ruhusa ya kuogea maji moto na sabuni. Mpira wa kuziba unakakamaa kwa miaka, na kule Mwaloni mikono haikauki. Ukiona ukungu ndani ya kioo, lete siku hiyohiyo. Usiifukie kwenye mchele, kutu haingoji.

Na sumaku. Saa ikianza kukimbia dakika kumi, ishirini kwa siku, kagua unapoilaza: juu ya spika, au kwenye kava la simu lenye sumaku. Naisogeza karibu na dira, sindano ikitikisika najua. Kuitoa ni kazi ya dakika moja.

Mzee alikuwa anakuja kila jioni akitoka Kirumba, anasimama tu, anatazama mtambo ukiwa wazi. Jana nilifunga mgongo. Saa ya kujijaza haipimwi mezani tu, lazima itembee na mtu, basi mkono wa kushoto nimevaa ya baba yangu na wa kulia nimevaa ya baba yake. Mpaka asubuhi hii imezidi sekunde 9. Nitaipunguza mwendo kidogo leo, naye atakuja kuichukua Jumamosi.