uuidgen: toleo gani kwa kazi gani

Duka lenye tawi Eastleigh na lingine Rongai linaweza kuhesabu risiti 1, 2, 3 hadi siku intaneti ikatike. Kila tawi linaendelea kuuza, kila moja linatoa risiti 1042, na mtandao ukirudi hifadhidata ya pamoja haijui ya nani ndiyo ya kweli. Kwa uuidgen, amri inayotengeneza UUID (kitambulishi kirefu kisichotarajiwa kujirudia), kila kompyuta inajitungia kitambulishi bila kuuliza seva yoyote. UUID zina matoleo kadhaa, kila moja na kazi yake.

Kwenye Ubuntu na Debian: `sudo apt install uuid-runtime`. Andika `uuidgen` peke yake upate herufi 36, yaani tarakimu 32 za heksadesimali (0-9 na a-f) na vistari 4. Kwa kawaida hilo ni toleo la 4: kati ya biti 128, 122 ni za kubahatisha. Kontena ya Linux isiyo na programu hiyo, soma `/proc/sys/kernel/random/uuid`. Mac hutoa herufi kubwa na Linux ndogo, kwa hivyo ukilinganisha kama maandishi, kitambulishi kimoja kitaonekana viwili. Pitisha kwenye `tr A-Z a-z` kwanza ili vyote viwe herufi ndogo. Afadhali zaidi, tumia safu ya aina ya `uuid` katika hifadhidata ya PostgreSQL: baiti 16 badala ya 36, na ukubwa wa herufi haujalishi.

Jedwali likiwa na mamilioni ya miamala, toleo la 4 linachosha faharasa (index), maana kila rekodi mpya inaangukia mahali popote. Hapo napendelea toleo la 7, lililowekwa rasmi na RFC 9562, waraka wa viwango vya intaneti, mwaka 2024. Biti 48 za mwanzo ni saa kwa milisekunde, hivyo rekodi mpya hukaa mwishoni. Amri ni `uuidgen -7`, lakini inahitaji util-linux (mkusanyiko wa programu wenye uuidgen) 2.41 kwenda juu; Ubuntu 24.04 bado haijafika huko. PostgreSQL 18 ina `uuidv7()` yake. Kumbuka tu kwamba anayekiona kitambulishi hicho anasoma pia saa kilipotengenezwa. `uuidgen -t`, toleo la 1, kwa kawaida hufichua hata anwani ya kadi ya mtandao.

Toleo la 5 hukokotolewa kutoka jina unalolipa, na hutoa jibu lilelile kwa jina lilelile:

`uuidgen --sha1 --namespace @dns --name python.org`

Utapata 886313e1-3b8a-5372-9b90-0c9aee199e5d popote ulipo. Lakini namba ya simu iliyoandikwa kwa 07 na ileile kwa +254 ni majina mawili tofauti, basi zisawazishe kabla. Na tafadhali usidhani kwa kuigeuza hivyo umeificha namba ya mteja: namba za Kenya zinajaribika zote kwa kompyuta ya kawaida.

Kwenye maombi ya malipo, kosa linaloumiza wateja ni kuita uuidgen ndani ya kitanzi (loop) cha kujaribu tena. Kila jaribio linapata kitambulishi kipya, seva inaliona ombi jipya, mteja anakatwa mara mbili. Kitengeneze kabla ya kitanzi, kihifadhi kwenye diski, ndipo utume.