Marahaba niliyoitoa getini

Niliitikia. Hilo ndilo linalonikera tangu Jumamosi. Ningenyamaza, au ningesema "poa tu chalii yangu", yangeishia palepale. Lakini yule kijana wa getini kwenye shoo ya rap aliniangalia kuanzia raba mpaka mzula, akainamisha kichwa kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo mama. Umekuja kumfuata mtoto?"

Na mimi, kwa mdomo wangu huu: "Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Nani alinituma niongeze mwanangu?

Mdogo wangu Junia alicheka mpaka akakaa kwenye tairi bovu lililokuwa pale mlangoni. Mimi nikatoa kiingilio chetu sote wawili, nikagongwa muhuri mkononi, nikaingia kama mtu aliyekuja kweli kutafuta mtoto.

Wiki imekuwa na mambo mazito, Neema kajifungua Jumatano, wa kiume, wote wazima, na ofisini tumeletewa bosi wa tatu mwaka huu. Ila mimi nipo na shikamoo yangu.

Tena nilikuwa nimejiandaa. Junia alinipa maelekezo kama anayepeleka mgeni ukweni. Tangazo likisema saa kumi, usitoke nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Beba hela ndogondogo, getini hakuna chenji. Usivae viatu vyeupe. Vaa koti, mwezi wa saba Arusha hauna utani. Na usipige makofi mpaka wenzako wapige. Hapo nikamuuliza, unamfundisha nani? Mimi nimekulia Ngarenaro wakati kundi la rap la Nako 2 Nako wanatokea mtaani kwetu. Kundi lingine la hapahapa Arusha, X Plastaz, wameanza 1996, wanachana Kiswahili huku wimbo wa Kimasai unapita katikati. Rapa wao Faza Nelly alipofariki 2006 nilikuwa kidato cha tatu na nililia darasani, Mama akiwa na mimba ya huyuhuyu Junia.

Kwa hesabu hiyo yule kijana alistahili kuniamkia. Najua. Msiniandikie.

Ndani mambo ni yaleyale. Ua la mabati na turubai, jenereta inayokoroma kuliko spika, MC anayesema "moja mbili, moja mbili" kwa dakika arobaini. Wakubwa wenye majina wanapanda mwisho kabisa. Kabla yao kuna maandagraundi, wasanii wasio na jina bado, foleni nzima, kila mmoja na flashi yake yenye biti, kila mmoja na wimbo mmoja tu, na DJ anaweka biti ya mwingine. Ukitaja mtaa wako, Sombetini au Kijenge, kona moja inalipuka na kona nyingine inazomea, kisha wanacheka wote. Na kama unachana juu ya sauti yako mwenyewe uliyorekodi studio, hakuna atakayekutukana. Watu wanageuka tu kwenda kununua mtura, ile soseji ya utumbo. Nilikuwa napima wasanii kwa urefu wa foleni ya mtura.

Mama bado anaiita rap muziki wa wahuni. Nilimkumbusha kwamba rapa Nikki wa Pili aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021, akasema, "Basi amewakimbia."

Saa nne hivi MC akaita jina, akapanda nani? Wa getini. Bado ana muhuri na wino vidoleni. Nikajiambia, sasa utaona. Nilimwombea mabaya, nakiri. Biti ikaanza, ikakwama, ikaanza, ikazima kabisa. Nikageuka kuangalia mtura.

Hakuna aliyekwenda. Kijana alikuwa ameisogeza maiki pembeni kidogo na anachana hivyo hivyo, biti hakuna, pole pole, kama mtu anayekusimulia jambo dukani. Anamsimulia mama yake anayeuza ndizi soko la Kilombero, jinsi anavyorudi usiku na beseni, na yeye anavyojifanya amelala ili asiulizwe amekula nini. Vina vilikuwa vinaingia sehemu ambazo sikuvitegemea. Mstari wa nne watu wakaanza kumpigia makofi ya mdundo, wale wa Kijenge na wale wa Sombetini pamoja, na mikono yangu nayo ikawa inapiga bila kuniomba ruhusa. Alisema "mama" labda mara kumi. Kwa sauti ileile ya getini.

Kilichoniudhi ni kwamba anajua. Angekuwa mbovu ningelala vizuri.

Wakati wa kutoka alikuwa amerudi mlangoni kwake. Nilikuwa na jibu tayari, nimelipanga tangu saa mbili. Akaniona, akamwangalia Junia, akasema, "Umempata, mama?"

Nikasema nimempata.

Junia amelipenda hilo jibu, tangu juzi kila akiingia sebuleni anauliza, "Umenipata, mama?" Sijamjibu hata mara moja.

Tulifika nyumbani saa saba na nusu, masikio yanavuma. Nilifungua geti taratibu nisimwamshe Simba, mbwa wa mama mwenye nyumba, na kweli hakubweka. Nikashukuru. Lakini leo Jumatatu bado sijamsikia, na ugali kwenye sahani yake umekauka juu.