Misindano ya nyuma ya nyumba: nilivyoikuza Njombe

Huku Njombe karibu kila mwenye kipande cha ardhi ana misindano, au mipaini kama wengi tunavyoiita, na kila mtu atakwambia ni mti usiohitaji kazi: chimba shimo, panda, ondoka. Kwenye shamba kubwa la mlimani labda. Nyuma ya nyumba, ambako mti uleule unauona kila asubuhi, mimi niliamua kuutunza tangu mbegu.

Niliziloweka usiku kucha, nikazisia kwenye tuta la mchanga. Mche wa msindano huchomoza ukiwa bado umevaa ganda la mbegu kichwani, na ganda hilo ndilo linalowaita ndege. Wakilidonoa, kichwa cha mche kinakwenda nalo. Nilitandaza chandarua kuukuu juu ya tuta mpaka maganda yakaanguka yenyewe. Halafu kuna ugonjwa wa kinyaushi: shina linasinyaa usawa wa udongo, mche unalala ilhali majani bado ni mabichi. Nilisia mbegu kwa nafasi na kumwagilia kwa kiasi, asubuhi tu.

Jambo kubwa kuliko yote lakini ni udongo wa kujaza viriba, vile vifuko vya plastiki vya kukuzia miche. Mzee mmoja mwenye kitalu alinikuta nachanganya samadi na mchanga, akacheka. "Mwanangu, msindano hauli peke yake." Akanipa debe la udongo mweusi aliokwangua chini ya misindano mikubwa. Aina hii tunayopanda, Pinus patula, asili yake ni Meksiko, na hutegemea kuvu inayoishi kwenye mizizi yake: kuvu inauletea mti fosforasi na maji, mti unailipa kwa sukari. Ardhi ambayo haijawahi kuota misindano huwa haina kuvu hiyo. Kwa udadisi nilitenga viriba kadhaa bila udongo wa mzee. Miche yake ilidumaa ikawa manjano, na mbolea haikuisaidia. Wenzao walipofika kimo cha shibiri nilipasua kiriba kimoja nikaona nyuzi nyeupe nyembamba zimeizunguka mizizi, na ncha za mizizi zimetoa panda ndogondogo. Tangu siku hiyo sinunui mche kabla ya kuchungulia mizizi.

Mvua za Desemba zilipokolea nilipanda, mita 3 kwa 3. Kiriba chote kitoke, na mzizi uliojiviringa chini ukatwe, la sivyo mti unakua na mizizi iliyojisokota na upepo unauangusha ukiwa mkubwa. Palizi yangu ilikuwa ya kisahani, kuzunguka kila mche. Katikati nilipanda maharage hadi kivuli kilipoyashinda.

Usiipande karibu na paa. Majani yake huziba mifereji ya maji, na yakikauka yanawaka haraka mno. Mwezi wa kumi, watu wakianza kuchoma mashamba, upande wa mpakani naulima mpaka ubaki udongo mtupu.

Kupogolea nilianza miti ilipofika mwaka wa nne. Tumia msumeno, panga huchana gome. Kata tawi karibu na shina bila kulijeruhi, na nusu ya juu ya mti usiiguse. Mama watoto alitaka tuikate ncha iwe ua kama michongoma. Nikamwambia huu si mlingoti, yaani mkaratusi, ukiukata shina hauchipui tena. Matawi aliyapata, akapikia.

Mwaka huu nimepunguza. Iliyopinda na minyonge imekuwa nguzo za banda la kuku. Madalali wa mbao wameshaanza kupita, kwa sababu siku hizi wengi huuza miti ikiwa michanga. Mimi nimewarudisha. Mbao ya mti mchanga ni laini na hupinda ikikauka, na fundi akishaijua haitaki hata kwa bei ya kutupa.