Krediti za kidato cha sita: bora niambiwe hapana

Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa kozi unazofaulu, na krediti hazitolewi bure. Mtoto wa kule aliyefanya mitihani ya AP (Advanced Placement, ya kiwango cha chuo) akiwa sekondari, ile ya shirika la College Board inayofanywa kila Mei na kusahihishwa kwa alama 1 hadi 5, anaweza kufika chuo ana krediti zake mkononi kabla hajakalia kiti. Vyuo vingi huanza kuzihesabu kwenye 3 au 4. Mitihani ya kimataifa ya Cambridge A Level na IB nayo mara nyingi ina safu zake katika jedwali la chuo: mtihani huu, gredi hii, unasamehewa kozi hii.

Mtihani wetu wa NECTA wa kidato cha sita, katika jedwali la chuo anachosoma mpwa wangu, haumo. Chini kabisa pameandikwa kwamba mitihani ya nchi nyengine itaangaliwa mmoja mmoja.

Mimi nasomesha hisabati kidato cha tano na cha sita hapa Wete, Pemba. Somo lenyewe, Advanced Mathematics, sisi na watoto tunaliita Advansi. Mpwa wangu alisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), akapata A ya Advansi, akapata na ufadhili wa kwenda Marekani. Wiki za mwanzo tu akaniandikia: "Shikamoo mjomba. Wamenambia Calculus ya mwanzo lazima niisome. Mwenzangu wa chumbani kasamehewa, ana 4 ya AP. Kitabu chao nimekifungua, mambo mengi ni ya fomu faivu."

Nikamjibu: "Marahaba mwanangu. Usigombane na mtu. Uliza kwa maandishi, na wao wakujibu kwa maandishi."

Akauliza. Msajili akamwambia hilo ni la idara ya hisabati. Idara ikataka kuona muhtasari wa somo. Basi nikenda dukani kwa kijana wa fotokopi, nikaskani muhtasari wote, ukurasa kwa ukurasa, na yeye ananiuliza kama nahama kazi. (Alhamdulillahi mihtasari yetu ya sekondari ni ya Kiingereza, ama ningetafutiwa na mfasiri aliyeapishwa.) Mle ndani mna utofautishaji, uunganishaji, milinganyo tofautishi, namba changamani, vekta, fanksheni za haipaboliki, mbinu za kinamba. Sitaki kudanganya: mfululizo usio na mwisho wenzetu wa AP Calculus BC wanauchimba kuliko sisi, na mtu wa idara angesema hivyo ningenyamaza. Lakini hakusema hivyo. Alisema muhtasari umepokewa, na kwamba kwa sasa hawataweza kutoa krediti. Sababu hakuna.

Hilo ningelimeza. Lilonitia hasira ni lililofuata. Mpwa wangu akakutana na kijana wa Kitanzania aliyemtangulia katika chuo hicho hicho. Ana B ya Advansi, na kozi hiyo hiyo alisamehewa. Mtihani mmoja, chuo kimoja, idara moja, mwenye B kapewa na mwenye A kanyimwa. Alipouliza tena akaambiwa aliyekuwa akishughulikia mambo hayo zamani ameshaondoka. Yaani kanuni ilikuwa kichwani mwa mtu, na mtu kaondoka nayo.

Sisi Wapemba tumezoea kupimiwa mali yetu. Ukipeleka karafuu kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, zinakaguliwa, unaambiwa daraja la kwanza, la pili au la tatu, na bei ya kila daraja unaijua kabla hujafunga gunia. Unaweza ukabishana na mkaguzi kuhusu ukavu. Kuhusu bei hubishani.

Wala sisemi kila chuo lazima kitoe krediti. Chuo cha Dartmouth cha Marekani kilitangaza 2013 kwamba wanafunzi watakaoingia kuanzia 2014 hawatahesabiwa tena AP katika krediti za kumalizia shahada. Wengi walinung'unika, lakini mwanafunzi aliyeomba pale alijua anaomba nini. Hapana iliyoandikwa naiheshimu. Kwa upande mwengine, majimbo ya Illinois na Texas mwaka 2015 yalipitisha sheria za kuvitaka vyuo vyake vya umma vitambue AP kuanzia alama 3. Ndiyo iliyoandikwa, nayo naiheshimu. Hiyo ya kati na kati, ya "tutaangalia", ndiyo inayomla mtu muhula mzima.

Hapa kwetu kidato cha sita hakikupi krediti, ni tiketi ya kuingilia tu, lakini tiketi yenyewe inasomeka. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wana mambo yao, ila kitabu chao cha mwongozo kinaeleza: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kwa kawaida unatakiwa ufikishe 4 kwa masomo mawili. Hata waliomaliza 2014 na 2015, ambao gredi zao zilipangwa vyengine, wamewekewa skeli yao. Mtoto wa Micheweni anapiga hesabu mwenyewe barazani, hamwombi mtu. Tusijisifu sana lakini. Nina mwanafunzi wa zamani mwenye stashahada aliyejiunga na shahada katika chuo kimoja cha huku huku, akarudishiwa masomo aliyokwisha kuyafaulu, na alipouliza alijibiwa kwamba ndivyo ilivyo.

Ninachotaka mimi si kikubwa. Chuo kikishaamua juu ya mtihani fulani, uamuzi ule uandikwe: mtihani, gredi, kozi, krediti ngapi, idara gani, mwaka gani, na kama ni kukataa, sababu yake. Jina la mwanafunzi halihitajiki. Anayekuja nyuma asome kabla hajakubali nafasi, si baada ya kufika.

Kwa kuwa wao hawajaandika, nimefungua jedwali langu. Mistari ni miwili: B, kasamehewa, A, kanyimwa. Kama ulifanya kidato cha sita cha Tanzania ukenda kusoma Marekani, niandikie somo, gredi, mwaka na ulichojibiwa, uwe ulipewa au ulinyimwa. Wanafunzi wangu wa PCM wa mwaka huu nimeshawaambia wasitupe muhtasari.