Bibi alikuwa anakunywa dawa ili asituudhi

Mwezi uliopita, Jumanne, foleni ya wagonjwa hapa kwetu Mwanza imefika mpaka kwenye mwembe nje, akaingia bibi mmoja na mwanae. Wametoka upande wa Sengerema, siku hizi wanapita zao darajani Kigongo-Busisi tangu lifunguliwe Juni 2025, mambo ya kusubiri pantoni yamebaki stori. Nikamwamkia mwangaluka mayu, akacheka, akakaa, akaanza kufungua fundo la kanga. Bahasha za dawa. Zikatoka bana, moja baada ya nyingine, nikazipanga mezani nikahesabu tisa. Tisa! Sisi tumefundishwa mzee akifikisha dawa tano tu uanze kujiuliza maswali.

Ila hakuja kwa ajili ya dawa, alianguka. Usiku anaenda chooni, choo cha nje, kizunguzungu kikamchukua akaangukia mkono. Mwanae anataka eksirei na "dawa ya kizunguzungu". Yani ya kumi hiyo. Na mimi nisiwe muongo, kalamu ilikuwa mkononi tayari, nje naona watu kama arobaini wananisubiri na kuandika dawa ni dakika moja.

Kilichonishtua ni bahasha mbili. Bibi hasomi, dawa anazijua kwa rangi, ananiambia hii nyeupe ya presha, na hii nyeupe nyingine nayo ya presha. Nikageuza: moja amlodipini miligramu 10 kapewa hospitali, nyingine iko kwenye pakiti ya jina la kampuni, imenunuliwa duka la dawa, kusoma vizuri ni amlodipini hiyo hiyo, 10 nyingine. Mwisho wake kwa siku ni 10, bibi anameza 20 na hakuna aliyeona.

Basi nikaweka kalamu chini nikaanza kurudisha mkanda nyuma. Amlodipini nyingi huvimbisha miguu, miguu ikavimba, mtu akaiona akampa Lasix ya kutoa maji. Lasix anaimeza asubuhi na jioni, kwa hiyo usiku kucha anakojoa, halali, mtu mwingine akampa diazepamu alale. Huku magoti yanauma, anakunywa diklofenaki miezi na miezi, ambayo yenyewe inapandisha presha, basi akaongezewa losatani, afu tumbo likaanza kuwaka akapewa omeprazoli. Na hapo losatani, Lasix na diklofenaki zikikutana kwa mzee mmoja zinazolia ni figo. Aspirini ndogo ya kila siku ipo pia (moyo hajawahi kuumwa wala kiharusi hajapata), na vitamini. Ndo tisa zenyewe. Ukiangalia vizuri ugonjwa pale ni presha na magoti tu, mengine tumeyaleta wenyewe tena kwa nia njema.

Nikampima presha kalala, 142 kwa 78. Nikamsimamisha, baada ya dakika tatu nikapima tena, 104 kwa 60. Ya juu ikishuka kuanzia 20 ukisimama tayari ni tatizo, yeye imeshuka 38, afu usiku wa giza, kichwani ana diazepamu, kibofu kimejaa. Angeachaje kuanguka?

Sasa hapa ndo pa kusema ukweli wetu madaktari. Nilijua cha kumpunguzia. Diazepamu kwa wazee imo kwenye orodha ya dawa za kuepuka ya daktari Mmarekani Mark Beers, orodha imeanza 1991, sio siri. Aspirini nayo, utafiti mkubwa wa Australia na Marekani uliotoka 2018 uliwafuatilia wazee wenye afya njema kama elfu 19, magonjwa ya moyo hayakupungua kwa kiasi cha maana lakini kutokwa damu kukaongezeka. Tunajua haya yote na bado mkono unakuwa mzito. Cheti kina sahihi ya bingwa, mimi nani nikamfute? Halafu nikimwachisha dawa leo, bibi akapata kiharusi Alhamisi, kijiji kizima kitasema yule daktari ndo kamuua. Akianguka kwa sababu ya dawa hakuna anayenilaumu, watasema uzee. Unaona mizani ilivyolala? Na sio Mwanza tu, wenzetu wa Australia na Ulaya wakiulizwa wanasema yale yale, muda hakuna, naogopa kumuingilia mwenzangu, na mgonjwa hatakubali.

Hiyo ya mgonjwa hatakubali ndo tunaipenda kuliko zote. Marekani waliwauliza wazee, 92 kwa mia wakasema wako tayari kuacha angalau dawa moja daktari akisema inawezekana. Na mimi nikamuuliza wa kwangu, mayu, tukipunguza hizi utajisikiaje? Akaniangalia kama nimechelewa. "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa nakunywa tu ili nisiwaudhi."

Mwanae ndo aligoma. "Kwa hiyo daktari tunarudi nyumbani na dawa chache kuliko tulizokuja nazo?" Nauli kalipa, namuelewa.

Nikampigia bingwa aliyeandika losatani na aspirini, nimejiandaa kugombezwa. Akasikiliza, akanyamaza kidogo. "Mbona mimi nilijua nyie huko ndo mnazipitia." Nikamwambia bosi, na sisi huku tulijua ni nyie. Tukacheka, ila sio cha kuchekesha.

Tukakubaliana: diklofenaki na amlodipini ya pili zinakufa leo, aspirini pia, Lasix asubuhi tu kwanza tukiangalia miguu. Diazepamu tunaipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa maana ukiikata ghafla mtu halali kabisa, anaweza hata kupata degedege, kwa hiyo wewe unayesoma usiende kumwaga dawa za mama yako chooni leo. Magoti panadol kwa kipimo na kukandwa maji ya moto. Ilichukua nusu saa na kidogo, nje watu wanagonga mlango, nesi kaninunia mpaka mchana.

Juzi karudi. Presha akisimama 132. Miguu imenywea, kavaa viatu ambavyo mwanae anasema vilikaa chini ya kitanda toka Pasaka. Kijana mwenyewe safari hii mpole, kaja na chupa ya samli.

Nikaomba kuona fundo la kanga. Bahasha zimepungua, nikafurahi, afu chini kabisa kikafuata kikaratasi cha gazeti kimeviringishwa, ndani vidonge vya kijani nisivyovijua.

"Na hii ni nini mayu?"

Akaangalia dirishani. "Hiyo ya jirani. Ya magoti."