Jinzi moja, mwaka mmoja: kumbukumbu ya mtu mzima na suruali ngumu

Siku ya 1

Nina miaka 44, na kwa miaka kama 10 hivi sikuvaa jinzi. Sikuamua kuziacha, ziliniacha zenyewe. Kila niliyojaribu ilikaa chini ya kitambi, nikiinama nyuma kunabaki wazi, nikisimama naishika kiunoni nikiivuta juu kama mtoto wa shule. Nikahamia suruali za kitambaa laini, zile ambazo hakuna anayezisifu wala kuzisema.

Mradi wenyewe ni huu: jinzi moja mbichi, yaani ambayo haijafuliwa wala kupaukishwa kiwandani, niivae siku nyingi kadiri niwezavyo kwa mwaka mzima, nione itakuwaje. Na nione kama mtu wa umri wangu anaweza kuivaa bila kuonekana anautafuta ujana.

Vipimo kabla ya maji: kiuno inchi 37, mguu kwa ndani inchi 35, kimo cha mbele (kutoka mshono wa kati ya miguu hadi kiunoni) inchi 12. Uzito wa kitambaa ni aunsi 14 kwa yadi ya mraba, karibu gramu 475 kwa mita ya mraba. Nimeiegemeza ukutani, ikasimama kidogo, kisha ikapiga magoti.

Hicho kimo cha mbele ndicho ambacho sikuwahi kukipima maisha yangu yote. Nilikuwa nikipima kiuno tu, halafu nashangaa. Suruali ya kimo cha inchi 8 haina namna ya kufika kiunoni. Inaishia kwenye nyonga, kitambi kinaning'inia juu yake, nawe unadhani tatizo ni kitambi.

Siku ya 2

Nimeiloweka. Kitambaa chake hakikupitia ile njia aliyobuni Mmarekani Sanford Cluett, ya kukirudisha kitambaa (kukipunguza ukubwa) kwa mvuke na mashine kabla hakijakatwa, ili kisije kikarudi kikiwa mwilini mwa mtu. Kitambaa kisichorudishwa hivyo kinaweza kupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya urefu wake. Ndiyo maana niliinunua kubwa.

Nimeigeuza ndani nje, nikaitia kwenye beseni la maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, saa nzima. Wanga waliokitilia kitambaa kiwandani umetoka, maji yakawa yanateleza kama uji mwepesi, rangi yake njano ndani ya buluu. Nimeianika kivulini.

Siku ya 3

Kiuno 34 na nusu. Mguu 32. Kimo 11 na robo. Vifungo vitatu vimekubali, cha juu kimekataa katakata. Nikalala chali kitandani, nikavuta pumzi, kikaingia. Mke wangu alipita mlangoni, akatazama, akaendelea na safari yake bila kusema kitu. Ukimya ule ulikuwa na maneno mengi.

Siku ya 9

Kiuno kimeachia inchi moja nzima. Pamba ndivyo ilivyo: maji yanairudisha, mwili unaivuta. Atakayeanza mradi kama huu asikate tamaa siku ya tatu. Lakini ajue kwamba mguu hauongezeki tena kama kiuno kinavyoongezeka. Urefu ukipungua umepungua.

Wiki ya 3

Kila kitu ni cha buluu. Vidole, mkanda kwa ndani, soli nyeupe za raba zangu, na upande mmoja wa kochi la rangi ya maziwa, jambo ambalo limezua kikao cha familia. Binti yangu ameniuliza, "Baba, mbona sikio lako limeota ukungu?" Nilikuwa nimeshika mapaja, kisha nikajikuna.

Nili, rangi ya buluu ya jinzi, haiingii ndani ya uzi. Kwenye pipa la rangi nyuzi hutoka zikiwa na ukijani, zikikutana na hewa zinageuka buluu. Huchovywa tena na tena hivyo, na kila mara rangi inajipanga juu ya ile ya mwanzo, huku moyo wa uzi ukibaki mweupe. Kwa hiyo kila msuguano unakwangua tabaka, mpaka weupe wa ndani unachungulia. Rangi nyingine nyingi hunywewa na uzi mpaka kati, nazo zikipauka zinapauka sawia kama pazia la dirishani. Nili inapauka pale tu ulipoisugua. Kochi langu limelipia elimu hiyo.

Nyuzi za mtande, zile za urefu, tu ndizo zenye rangi, za mshindio, zinazozikata kwa upana, ni nyeupe, na ufumaji unafanya mtande upite juu ya nyuzi tatu za mshindio kisha chini ya moja. Ndiyo sababu nje ni buluu na ndani ni nyeupe, na ukikaza macho unaona mistari ya mshazari. Nimeitazama mistari hiyo kwa lenzi ya mtoto ya kukuzia vitu. Sijutii.

Mwezi wa 2

Kosa la kwanza la mavazi. Nilikuwa nimeanza kupenda, na mapenzi yakanizidi. Jumamosi nikavaa ile jinzi, shati la kazi la buluu lenye mifuko miwili yenye vifuniko, jaketi la jinzi juu yake, buti za ngozi za kufunga kamba hadi juu ya kifundo, na kitambaa chekundu shingoni. Kila kimoja peke yake ni kitu kizuri. Nilijiona nimekamilika.

Rafiki yangu wa miaka mingi alinipokea kwa swali: "Ndugu yangu, farasi umemfunga wapi?"

Nimelala na swali hilo. Jibu nililolipata ni kwamba nguo hizi zote zilikuwa za kazi fulani: uchimbaji madini, reli, ng'ombe, karakana. Ukivaa moja, unavaa nguo imara. Ukivaa tano kwa pamoja, unaigiza mtu ambaye si wewe, na watu wazima wana wakati mgumu zaidi kusamehewa maigizo. Kijana wa miaka 20 akivaa hivyo atasemwa anajaribu mitindo. Mimi nilisemwa nina farasi.

Toka hapo naivaa jinzi na vitu visivyo na hadithi: fulana nyeupe nzito, sweta la kijivu, shati la kawaida lililochomekwa. Buti zimebaki, kwa sababu uzito wa kitambaa unataka kiatu chenye uzito, na raba nyembamba chini ya aunsi 14 inafanya miguu ionekane kama nguzo zilizosimama juu ya sahani. Kitambaa chekundu nimempa mbwa.

Shati lile nalivaa, ila na suruali ya kaki. Halikufumwa kama jinzi. Uzi unapita juu ya mmoja na chini ya mmoja, kwa hiyo ni jepesi, na pande zote mbili zinafanana.

Mwezi wa 3

Nimekwaruza kiti cha mbao cha mkwe wangu. Jinzi niliyonunua imeshonwa kwa mtindo wa zamani, na kwenye mifuko ya nyuma ina ribiti za shaba, vile vipini vifupi vya kugongwa kwenye kitambaa, zilizo wazi. Nilikaa, nikajisogeza, ikasikika sauti.

Habari ya ribiti zenyewe naipenda. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, aliombwa na mwanamke mmoja amshonee mumewe mkata kuni suruali isiyopasuka. Alikuwa na ribiti za shaba alizozoea kuzitumia kwenye mablanketi ya farasi, akazigonga kwenye pembe za mifuko, pale ambapo mishono huachia kwanza. Wateja wakaongezeka. Akamwandikia mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia vitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, wakapata hataza (haki ya ubunifu) pamoja tarehe 20 Mei 1873.

Na mwaka 1937 kampuni ya Strauss ilianza kuzifunika ribiti za mifuko ya nyuma kwa kitambaa, kwa sababu watu walilalamika zinakwaruza matandiko ya farasi na viti. Yaani kosa langu lilikwisha kusahihishwa miongo kadhaa kabla sijazaliwa, nami nikalipa zaidi ili nirudishiwe. Mkwe wangu nimempelekea nta ya mbao na unyenyekevu.

Mwezi wa 4

Kufua. Hili ndilo linalowagombanisha watu. Wapo wanaosema usifue mpaka mwaka upite, ukiona harufu itie kwenye friza. Mwaka 2014 mkuu wa Levi Strauss & Co., Chip Bergh, alisema hadharani kwamba jinzi aliyoivaa ilikuwa haijafuliwa mwaka mzima. Na mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, mwanafunzi alivaa jinzi yake miezi 15 bila kuifua. Walipopima bakteria, kisha wakaifua na kupima tena baada ya siku 13 za kuivaa, hesabu hazikutofautiana sana.

Sawa. Lakini baridi ya friza haiui bakteria wengi, inawalaza tu, na mimi sikai peke yangu nyumbani. Isitoshe, jasho na vumbi vinakaa kati ya nyuzi na kuzisaga. Nimefua mwisho wa mwezi wa pili na sasa mwisho wa wa nne: ndani nje, maji baridi, sabuni kidogo isiyo na dawa ya kung'arisha, bila kusugua, bila kukamua, kisha kivulini. Nitapata mpauko hafifu kuliko wa wale wasiofua. Nakubali hasara hiyo.

Mwezi wa 6

Imepasuka mahali ambapo jinzi zote hupasuka, kati ya mapaja, upande wa kulia. Tundu la kuingia kidole gumba. Nadhani niliharakisha kwa kuivuta juu kila nikiketi, mazoea yangu ya zile jinzi za kimo kifupi.

Fundi aliigeuza, akaipapasa pembeni ya tundu, akasema: "Mzee, hapa tundu ni moja lakini mgonjwa ni mkubwa." Alimaanisha kitambaa kilichozunguka tundu kilikuwa kimelika tayari, na kiraka cha ukubwa wa tundu kingeng'oka na kipande chake. Ameweka kitambaa chepesi kwa ndani, kipana kama kiganja, kisha akapitisha cherehani mbele na nyuma, safu baada ya safu, akifuata upande wa mtande kwa uzi wa buluu iliyofifia. Kwa mbali huoni. Kwa kupapasa, pamekuwa pagumu kuliko pengine pote.

Akaniambia vilevile nije mapema mara nyingine, kitambaa kikianza kuonyesha nyuzi nyeupe, nisisubiri tundu.

Siku hiyohiyo pindo la mguu wa kushoto likafumuka ngazini. Lilishonwa kwa mshono wa mnyororo, na mshono huo uzi ukikatika ukavutwa kutoka upande wake wa kumalizia, unafunguka wote kama mdomo wa gunia. Wapenzi wa jinzi wanautaka kwa sababu mashine za aina hiyo, hasa Union Special 43200G, huvuta kitambaa kidogo mshazari, na pindo likipauka linatoa mawimbi kama kamba iliyosokotwa. Fundi wangu hana mashine hiyo. Nimemwambia ashone mshono wa kawaida, tukamaliza.

Mwezi wa 9

Nimeitandaza kitandani chini ya dirisha nikaisoma.

Kwenye picha za jinzi zinazosifiwa, sharubu za mapajani, ile mikunjo inayotoka kwenye nyonga, ni kali, na nyuma ya magoti kuna alama kama sega la nyuki. Mwanzoni nilizitamani. Zangu ni pana na za uvivu, kwa sababu nakaa kitini saa nyingi. Nyuma ya magoti ndipo palipochongeka vizuri, kwa kiti hichohicho. Mfuko wa kulia una mstatili wa simu. Makalio yamepauka duara mbili, nazo hazilingani: inaelekea nakaa nikiegemea kushoto, jambo ambalo hakuna daktari aliyewahi kuniambia.

Kilichonishangaza ni goti la kushoto. Limepauka karibu kuwa jeupe, la kulia bado buluu. Nilifikiri ni kasoro ya kitambaa. Nikakaa siku mbili nikijichunguza, ya tatu asubuhi nikajikuta mlangoni nimepiga goti moja, namfunga mtoto wetu mdogo kamba za viatu. La kushoto, kila asubuhi, tangu nilipoinunua.

Mwezi wa 12

Vipimo: kiuno 35 na robo, mguu 31 na nusu, kimo 11 na robo. Kitambi hakijapungua hata kidogo, lakini sasa kiko ndani ya suruali. Nilijaribu pia kanda za mabegani, kwa kuwa hadi mwaka 1922 suruali za Levi's hazikuwa na lupu za mkanda. Zinastarehesha kuliko mkanda, tena sana kwa mwenye tumbo. Nimezivaa chini ya sweta, maana swali la farasi bado nalikumbuka.

Kifuko kidogo cha mbele, kilichowekwa kwa ajili ya saa ya mnyororo, binti yangu amekifanya benki yake. Kabla ya kufua lazima nikikague. Wiki hii nimetoa vifungo viwili, jino lake la chini, na karatasi imekunjwa mara sita ambayo nimeambiwa nisiifungue.

Nyuzi nyeupe zimeanza kuonekana kwenye goti la kushoto, safu nne za mshindio bila mtande. Fundi alisema nisisubiri tundu. Jumatatu naipeleka.